Kifungu cha Mwisho Kisomwe Kwanza

 

Miezi hii ya kungoja korosho ndiyo miezi ya kusaini. Mwenye malori anasaini kubeba mzigo kutoka maghala ya Tandahimba na Newala mpaka bandari yetu ya Mtwara. Mwenye ghala anasaini na chama kikuu cha ushirika. Wakala wa forodha anasaini na mnunuzi aliyetoka India au Vietnam, na mwenye kampuni ya vibarua anasaini kujaza makontena. Kila mmoja anasoma bei, anasoma tani, anasoma siku ya malipo. Akifika ukurasa wa mwisho macho yameshachoka, na mwenzake ameshika kalamu anamngoja. Basi anasaini. Na huko mwishoni, katika kifungu ambacho wengi hukiona kama pambo la wanasheria, ndiko kulikoandikwa: tukikosana, nani atatuamua, atatuamulia wapi, kwa sheria ya nchi gani, na kwa lugha gani.

Mazungumzo yangu leo ni juu ya kifungu hicho, na juu ya mtu ambaye wafanyabiashara wetu humtafuta wakiwa wameshachelewa, yaani wakili wa usuluhishi. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu mtu anaweza kuwa na haki yake yote mkononi na bado akaikosa, kwa kuwa mahali pa kuidai pako mbali kuliko uwezo wake.

Tuanze na meli. Bandari yetu ilifunguliwa 1954, ikiwa imejengwa kwa ajili ya karanga za ule mradi mkubwa wa Waingereza kule Nachingwea. Karanga hazikuja kama walivyotarajia, reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwa miongo mingi gati letu likawa linachangamka miezi michache tu ya korosho kisha linalala. Sasa mambo yamebadilika. Limejengwa gati jipya la mita 300 kwa zaidi ya shilingi bilioni 150. Makaa ya mawe ya Ngaka yanashuka kwa malori kutoka mkoa wa Ruvuma na kupakiwa hapa. Na tangu msimu wa 2023/2024 Serikali imeagiza korosho za kusini zitoke kupitia bandari hii badala ya kupelekwa kwa barabara hadi Dar es Salaam. Mzigo ukiongezeka mikataba inaongezeka, na penye mikataba mingi watu watakosana. Hilo si jambo la kuonea aibu. Biashara ndivyo ilivyo.

Meli ya kubeba makaa hukodiwa kwa fomu zilizokwisha kuchapwa. Mojawapo inayotumika sana duniani inaitwa GENCON, toleo la 1994, inayotolewa na BIMCO, chama cha kimataifa cha wenye meli. Sehemu yake ya kwanza ina visanduku vya kujaza: jina la meli, bandari ya kupakia, kiasi cha shehena, malipo ya kila siku meli ikicheleweshwa. Kisanduku cha 25 kinauliza mgogoro utaamuliwa wapi. Unaweza kuandika London, unaweza kuandika New York, unaweza kuandika mahali pengine popote mlipokubaliana. Sasa sikiliza vizuri. Ukikiacha kitupu, fomu yenyewe inakujibia: sheria ya Uingereza, usuluhishi London. Hukusema neno, na umeshakubali.

Fikiria mfanyabiashara wa hapa aliyekodi meli kwa fomu hiyo. Mvua ya Machi imenyesha, malori yamekwama njiani kutoka Songea, meli imekaa siku kadhaa kupita muda wa kupakia. Mwenye meli anadai malipo ya ucheleweshaji, yale ambayo watu wa bandarini huyaita demareji, kwa dola na kwa kila siku. Mfanyabiashara wetu ana majibu yake: siku za mvua hazikupaswa kuhesabiwa, winchi ya meli nayo iliharibika, hesabu ya saa imekosewa. Pengine majibu yake ni ya kweli tupu. Lakini sasa lazima ayapeleke London, kwa Kiingereza, kupitia mawakili wanaotoza kwa saa na kwa pauni. Akipiga hesabu anaona kulipa deni asilolikubali ni nafuu kuliko kulipinga. Analipa. Kwa mtu wa namna hiyo, saa moja na wakili kabla ya kusaini ingekuwa na thamani kuliko mawakili wote atakaowapata baadaye.

Nieleze usuluhishi wenyewe, maana wako wanaodhani ni kikao cha wazee cha kuombana radhi. Pande mbili zinakubaliana kwa maandishi kwamba ugomvi wao hautakwenda mahakamani, utakwenda kwa mtu mmoja, au watu watatu, watakaowachagua wenyewe. Mtu huyo ndiye msuluhishi. Anapokea madai na majibu, anapokea vielelezo, anasikiliza mashahidi, kisha anatoa uamuzi uitwao tuzo. Tuzo inawafunga wote wawili, aliyefurahi na aliyenuna. Upatanishi ni kitu kingine: mpatanishi anawasaidia mfikie mwafaka wenyewe, wala hana mamlaka ya kumwambia yeyote alipe. Mkataba mzuri huanza na upatanishi, ukishindikana unaingia kwenye usuluhishi, na kila hatua inapewa siku zake ili mtu asitumie mazungumzo kununua muda.

Na wakili wa usuluhishi si msuluhishi. Hapa watu huchanganya sana. Wakili ni wako: wewe unamlipa, yeye anakutetea. Msuluhishi hana upande, na akigundulika ana upande unaweza kumpinga mahakamani aondolewe. Ukisikia mtu anakwambia, "Nina wakili wangu atakayetuamua," usikubali hata kidogo.

Tanzania Bara ilikuwa na sheria ya usuluhishi tangu 1931, enzi ya mkoloni, na tulikaa nayo karibu miaka 90. Sheria ya sasa ni Sheria ya Usuluhishi Namba 2 ya 2020, iliyoanza kutumika tarehe 18 Januari 2021. Imeanzisha Kituo cha Usuluhishi Tanzania, na kanuni zake za 2021 zinataka wasuluhishi na wapatanishi wawe wamethibitishwa na kusajiliwa. Lakini jambo ambalo mtu wa Mtwara anapaswa kulishika ni uhuru ambao sheria hii inawapa wanaosaini. Ni ninyi mnaochagua msuluhishi, ni ninyi mnaochagua mahali, ni ninyi mnaochagua lugha. Vikao vinaweza kufanyika hapa hapa, katika ukumbi wa hoteli pale Shangani, kwa Kiswahili, mashahidi wakiwa ni makarani wa ghala na madereva wanaofika kwa bodaboda. Uhuru huo hauna maana yoyote kwa mtu asiyeutumia siku ya kusaini. Mkishagombana, mwenye nguvu hakubali tena kuja Mtwara.

Kuna faida moja ya usuluhishi ambayo kwa biashara ya korosho ni kubwa mno, na nataka nikae nayo kidogo.

Korosho ghafi huuzwa kwa ubora unaopimwa. Huchukuliwa sampuli, korosho zinakatwa, viini vinapimwa, na jibu linatolewa kwa ratili za kiini kizuri katika gunia la kilo 80. Unapimwa pia unyevu, na zinahesabiwa korosho ngapi zinaingia kwenye kilo moja. Sasa mzigo umetoka Mtwara ukiwa na cheti cha ratili 50. Umekaa ndani ya kontena wiki kadhaa, umepita bandari nyingine ukahamishiwa meli nyingine, umefika Vietnam. Mnunuzi anapima, anapata ratili 46, anakataa kulipa bei yote. Anasema aliuziwa mzigo mbovu. Muuzaji anasema mzigo uliharibika baharini kwa jasho la kontena, au ulikaa juani bandarini huko huko kwa mnunuzi. Nani mkweli? Hapo hakuna kifungu cha sheria kitakachojibu. Jibu liko kwenye sampuli, kwenye kipimo cha unyevu siku ya kujaza kontena, kwenye lakiri, kwenye tarehe za kushusha.

Au chukua ugomvi wa hapa kwetu, wa unyaufu. Korosho zikikaa ghalani zinakauka na uzito unapungua. Chama cha msingi kilipeleka tani kadhaa, ghala linatoa pungufu, mnunuzi analipia alichopokea. Pungufu hilo ni la nani? Ni la hali ya hewa, ni la mizani, au kuna mtu aliyefungua magunia? Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kwenye korosho msimu wa 2007/2008, swali hili limegombanisha watu wengi wa mkoa huu.

Mahakamani shauri kama hilo linaangukia kwa hakimu au jaji aliyepangiwa. Anaweza kuwa mtu makini kabisa, lakini jana alisikiliza kesi ya mauaji na kesho ana mirathi. Kwenye usuluhishi mnaweza kukubaliana kwamba msuluhishi awe mtu aliyekaa na korosho miaka 20: mkaguzi wa shehena, mtaalamu mstaafu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, au mfanyabiashara wa zamani anayeheshimiwa na pande zote. Sheria hailazimishi msuluhishi awe mwanasheria. Mkitaka watatu, mmoja awe wa sheria na mwingine wa zao. Nadhani hapo ndipo Mtwara inaposhindwa kujithamini. Tuna watu hapa wanaoijua korosho kuliko mtu yeyote wa London, na bado tunasaini karatasi zinazosema London ndiyo itakayotuambia korosho nzuri ni ipi.

Msikilizaji mmoja atasema: sawa, tuamuliwe Mtwara, tushinde. Mnunuzi yuko Vietnam. Nitamkamatia wapi?

Swali zuri. Upo mkataba wa kimataifa uliofanyika New York mwaka 1958 juu ya kutambua na kutekeleza tuzo za usuluhishi za nchi za nje. Tanzania ilijiunga nao 1964. India ilikwishajiunga 1960, Vietnam ikaingia 1995, na leo nchi zilizomo ni zaidi ya 170. Maana yake, tuzo iliyotolewa Tanzania unaweza kuipeleka kwenye mahakama ya nchi ya mnunuzi, na mahakama ile haina ruhusa ya kuanza kusikiliza kesi upya. Inaweza kuikataa kwa sababu chache tu: mathalani mwenzako hakupewa taarifa ya shauri, au msuluhishi aliamua mambo ambayo hakupewa kuyaamua. Hukumu ya mahakama yetu haina mkataba mpana wa namna hiyo wa kuibeba kuvuka bahari. Ndiyo maana wanaouza ng'ambo hupendelea usuluhishi, na ndiyo maana wakili anayeijua kazi hii atashughulika sana na mambo yanayoonekana madogo: taarifa imepelekwa kwa anwani ipi, nani aliipokea, siku gani. Mwenye pupa hushinda kesi, halafu tuzo yake ikakataliwa ugenini kwa sababu ya barua moja.

Na hapa nyumbani, aliyeshindwa akikataa kulipa, tuzo hupelekwa mahakamani itekelezwe kama hukumu. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba usuluhishi umeitupa mahakama. Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara ipo na ina kazi yake. Inaweza kuzuia mzigo usiondoshwe wakati usuluhishi unaendelea. Na kama mwenzako amekimbilia mahakamani ilhali mkataba una kifungu cha usuluhishi, unaweza kuiomba mahakama isimamishe kesi hiyo. Lakini uombe mapema, kabla hujawasilisha utetezi wako. Ukishajibu madai umeshaikubali mahakama, na kifungu chako kimekufa mikononi mwako.

Sasa niseme upande wa pili, maana sitaki mtu atoke hapa akidhani usuluhishi ni dawa ya kila kitu. Usuluhishi una gharama. Jaji analipwa na Serikali. Msuluhishi mnamlipa ninyi, na ukumbi ni wenu, na nauli zake na malazi yake ni yenu. Kwa ugomvi wa shilingi milioni tatu, jopo la wasuluhishi watatu kutoka Dar es Salaam litakula fedha yote inayogombaniwa na zaidi. Mwenye lori moja asikubali kifungu cha wasuluhishi watatu. Mmoja anatosha, na mkataba useme hivyo.

Wengine hawahitaji kabisa njia hii. Kibarua aliyeachishwa kazi, awe wa kiwandani au wa bandarini, aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na aende ndani ya siku 30 tangu aachishwe. Siku hizo wengi huzipoteza wakiandika barua za kuomba huruma. Mgogoro wa mwanachama na chama chake cha ushirika una njia yake kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Mgogoro wa shamba la mikorosho hupita kwanza baraza la kata, ambalo tangu 2021 kazi yake ni kupatanisha, na likishindwa shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na magunia yakiibiwa ghalani, hiyo ni jinai, ni kazi ya polisi. Hakuna msuluhishi wa wizi.

Pia tuzo dhidi ya mtu asiye na kitu cha kukamata ni karatasi. Mnakumbuka msimu wa 2018/2019, wanunuzi walipogoma bei na Serikali ikaamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Januari 2019 ukasainiwa mkataba na kampuni ya Indo Power Solutions ya Kenya, tani 100,000, thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 400. Fedha hazikuja, na miezi michache baadaye Serikali ikatangaza kuachana nao. Katika hali kama hiyo kifungu cha usuluhishi, hata kingeandikwa vizuri namna gani, kinachelewa. Kinachokulinda ni dhamana ya benki iliyofunguliwa kabla korosho hazijatoka ghalani. Wakili wako akikuuliza kwanza, "Mnunuzi huyu ana nini, na kiko wapi?" ujue umempata wakili.

Kuna ugomvi mwingine mkubwa zaidi ambao ulianzia jirani yetu, na lazima niutaje. Kule Nachingwea kuna kilima kinaitwa Ntaka, na chini yake kuna nikeli. Kampuni ya Indiana Resources ya Australia na wenzake walikuwa na leseni ya kuhodhi eneo lile. Mwaka 2017 sheria ya madini ilibadilishwa, leseni za aina hiyo zikaondolewa, na Januari 2018 kanuni zikazifuta zile zilizokuwepo. Wawekezaji wakaenda ICSID, kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia mjini Washington. Waliutumia mkataba wa kulinda uwekezaji ambao Tanzania iliusaini na Uingereza mwaka 1994. Julai 2023 jopo likatoa tuzo: Tanzania ilipe zaidi ya dola milioni 109, riba ikiwemo. Serikali ikaomba tuzo ibatilishwe, na huku hilo likiendelea pande mbili zikakaa zikazungumza. Julai 2024 zikakubaliana dola milioni 90, zilipwe kwa awamu.

Angalia miaka hiyo. Karatasi ya 1994 ilikaa kimya karibu miaka 30, kisha ikaja kudai. Aliyeisaini hakuwa na Ntaka kichwani. Na angalia pia kwamba hata baada ya tuzo kutoka bado palikuwa na nafasi ya kukaa chini, na kukaa huko kuliokoa mamilioni. Wakili mzuri haachi kuzungumza na upande wa pili hata siku moja, awe anashinda au anashindwa.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni hiki: mwananchi wa Nachingwea hakuwa na kiti katika meza ile. Kodi yake ilikuwemo, ardhi yake ilikuwemo, yeye hakuwemo, kwa sababu usuluhishi unawahusu waliosaini. Hapa Mtwara tunalijua jambo hilo kwa maumivu. Januari 2013, na tena Mei mwaka ule ule, watu walipolalamikia bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, mji huu uliungua, watu walikufa, na jeshi likaingia mitaani. Mikataba ya gesi ilikuwa na vifungu vyake vya migogoro. Hakuna hata kimoja kilichompa mtu wa Msimbati, kule mto Ruvuma unakoingia baharini, mahali pa kufikisha neno lake.

Serikali ilitunga sheria 2017 inayotaka migogoro ya rasilimali asilia iamuliwe na vyombo vilivyoko Tanzania kwa sheria za Tanzania. Naiunga mkono nia yake. Lakini kurudisha meza nyumbani hakutoshi kama viti ni vile vile. Mahali pa kuanzia papo: halmashauri zetu nazo husaini. Tangu mabadiliko ya 2017 mwenye leseni ya madini anatakiwa kukubaliana na halmashauri juu ya mpango wake wa kuchangia jamii. Kuna ushuru wa huduma, kuna makubaliano ya barabara, ya maji, ya ajira za vijana. Makubaliano hayo mengi yanaandikwa kama hotuba, hayasemi mtu asipotimiza kitatokea nini. Madiwani wangu, waheshimiwa, hapo ndipo mnapomhitaji wakili wa usuluhishi akae upande wenu kabla ya picha za kukabidhiana mikono. Kifungu kinachosema kwamba ahadi isipotimizwa ndani ya muda fulani itasikilizwa na msuluhishi, vikao vifanyike wilayani na kwa Kiswahili, kinampa mwananchi kitu cha kushika. Bila hicho kinachobaki ni kulalamika, na kulalamika kusikosikilizwa tumeshaona kulikotufikisha.

Basi ukimtafuta wakili, umuulize nini? Muulize amewahi kusimamia usuluhishi au amezoea mahakama tu, kwa sababu kuna mawakili wazuri wa mahakamani wanaougeuza usuluhishi kuwa kesi ndefu yenye mapingamizi juu ya mapingamizi. Muulize atakutoza vipi, kwa hatua au kwa kazi yote, na mwandikiane. Muulize ana uhusiano gani na kampuni unayogombana nayo. Mji wetu ni mdogo, watu wanajuana. Mpe kila kitu: mkataba, stakabadhi, cheti cha ubora, picha za lakiri, na ujumbe wa simu. Usifute ujumbe wa WhatsApp hata ule unaokuumbua. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe kama huo ni ushahidi unaokubalika, na ukiufuta wewe mwenzako anao.

Mengine unaweza kuyafanya hata kabla ya wakili. Siku ya kujaza kontena, sampuli ichukuliwe mbele ya pande zote mbili, igawanywe mara tatu, itiwe lakiri: moja yako, moja ya mnunuzi, moja kwa mkaguzi asiye na upande. Andika unyevu. Andika saa. Sainini wote. Kijana anayesimamia kazi hiyo kwa uaminifu anaweza kukuokolea zaidi ya anachoweza wakili yeyote.

Nimalizie kwa kukusomea mfano wa kifungu. Chukua kalamu, nitasoma polepole.

"Mgogoro wowote unaotokana na mkataba huu au unaohusiana nao, ukiwemo mgogoro juu ya uhalali wake au kuvunjwa kwake, utajadiliwa kwanza na viongozi wa pande zote mbili ndani ya siku 14 tangu taarifa ya maandishi kutolewa. Ukishindikana, utaamuliwa kwa usuluhishi chini ya Sheria ya Usuluhishi ya Tanzania, na msuluhishi mmoja mwenye uzoefu wa biashara ya korosho. Makao ya usuluhishi ni Tanzania, vikao vitafanyika Mtwara, lugha ni Kiswahili, na sheria itakayotumika ni sheria ya Tanzania. Pande zisipokubaliana juu ya msuluhishi ndani ya siku 21, atateuliwa na Kituo cha Usuluhishi Tanzania."

Mnunuzi wa nje atakataa baadhi ya maneno hayo. Atataka Kiingereza, pengine atataka wasuluhishi watatu, pengine atasema Mtwara ni mbali. Lugha unaweza kumpa, ukibakiza haki ya mashahidi wako kusema kwa Kiswahili na kutafsiriwa. Wasuluhishi watatu mkubalie kwa mzigo mkubwa tu, na mtaje kiwango cha fedha. Mahali usimpe bure: akitaka vikao viwe kwake, bei ya kilo ipande.